Uzi kwa bamama wa soko: mkojo unaobanwa kutwa nzima na infeksio zisizoisha

YayaMuuguzi

Jambo yenu, bamama na dada zangu, na bapapa mnaopitia hapa.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya upande wa Kadutu, hapa Bukavu. Wanawake wanaokuja kulalamika kwamba mkojo unawachoma ni wengi mno, na sehemu kubwa wanatoka sokoni: wauza sambaza (dagaa wa ziwani), wauza makala (mkaa), wauza sombe (majani ya muhogo), wabeba mizigo. Dalili ni zilezile. Haja ndogo inabana kila mara, ukienda yanatoka matone tu tena yanachoma, chini ya kitovu kunauma, mkojo una ukungu na harufu kali, mara nyingine una damu kidogo. Na karibu wote wanafika na maelezo mamoja: "Yaya, nimeokota infeksio kwenye choo cha soko."

Naomba tulizungumze hilo kwa kirefu, kwa sababu imani hiyo ndiyo inayowarudisha kwetu kila baada ya miezi michache.

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Kati ya wagonjwa kumi, takriban wanane wana E. coli, bakteria anayeishi ndani ya utumbo wa kila mtu bila kumsumbua. Kutoka sehemu ya haja kubwa anahamia kwenye ngozi ya mbele, anaingia kwenye mrija wa mkojo, anapanda mpaka kibofuni. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, kwa mwanaume unakaribia 20. Ndiyo maana sisi tunaugua zaidi, na karibu nusu ya wanawake wote wataupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani. Hauji kwa sababu mtu ni mchafu, wala hauna uhusiano na laana.

Choo kichafu kina madhara yake, sikatai. Kipindupindu, kuhara, minyoo: hivyo mara nyingi hupitia mikononi na mdomoni, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni. Lakini shimo la choo haliwezi kurusha bakteria juu mpaka ndani ya kibofu chako.

Sasa tazameni mama akishaamini choo ndicho kinachomwambukiza. Anaacha kukitumia. Na ili asikihitaji, anaacha kunywa. Anateremka mlima alfajiri, amekunywa kikombe cha chai, halafu basi mpaka jioni anapofika nyumbani. Jua linampiga, jasho linamtoka, mkojo unakuwa mchache na wa rangi nzito, na huo mchache anaubana. E. coli akipata mazingira mazuri anaweza kujizidisha mara mbili kila dakika 20 hivi. Hesabu mwenyewe tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mkojo unaotoka mara kwa mara unawakumba bakteria kabla hawajashika ukuta wa kibofu, kama mvua kubwa inavyokumba takataka kwenye mitaro yetu ya mlimani. Usipotoka, wanakaa.

Kuna utafiti mmoja naupenda kwa sababu hauna dawa ndani yake. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulifanyika Bulgaria. Walichukuliwa wanawake 140 ambao infeksio ya kibofu ilikuwa ikiwarudia na ambao walikuwa wanakunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliambiwa waongeze lita moja na nusu ya maji kila siku, nusu waliendelea na mazoea yao. Baada ya miezi 12, walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, wengine mara 3.2. Karibu nusu ya ugonjwa iliondoka kwa maji matupu, na dawa za antibiotiki walizomeza zilipungua vilevile.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: kunywa, na ukisikia haja, nenda. Mkojo wako uwe wa rangi hafifu. Usikae zaidi ya saa tatu au nne mchana bila kukojoa. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize docta wake kwanza kiasi cha maji.

Jambo jingine dogo. Wengi kwa kuogopa choo wanakojoa wamesimama nusu, magoti yamekunjwa, wamejikaza. Misuli ya chini ikikazwa kibofu hakimaliziki, na kinachobaki ndicho chakula cha bakteria. Chuchumaa mpaka chini, legea, maliza. Ukidhani umemaliza, subiri kidogo, ujaribu tena.

Mama_Sambaza

Yaya, unasema muzuri, asanti. Lakini miye niko nauzisha ku Nyawera. Nikiacha meza, nani ataangalia samaki? Na choo banalipisha. Kila kuingia ni feza. Siku iko mubaya, faida yenyewe haifike ile feza ya choo mara tatu. Na maji ya kunywa nayo tunauza-uziwa. Ndio maana tunabana, hatubane kwa kupenda.

YayaMuuguzi

Mama, nakuelewa, na si wewe unayekosea. Soko lenye mamia ya wanawake na vyoo vya kuhesabika kwa vidole ni aibu ya wanaokusanya kodi ya meza kila asubuhi. Hilo tuliseme wazi, na tuliseme kwao pia.

Ila tuhesabu pamoja. Infeksio moja inakutoa sokoni siku mbili tatu. Ongeza fishi ya kituo, vipimo vya labo, dawa. Ikipanda kwenye figo ni homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, kutapika, na hapo tunazungumzia kulazwa na kuchomwa sindano. Feza ya choo ya wiki nyingi haifiki hapo.

Kuhusu meza: mnakaa kwa mistari, na mnajuana. Nimeona upande wa wauza sombe wanapeana zamu, mmoja akienda jirani anauza kwa niaba yake. Kwenu haiwezekani? Mna likilimba pale, najua. Kikundi kinachoweza kuzungusha feza kila wiki kinaweza pia kupatana na mlinzi wa choo.

DadaWaGoma

Mimi niko Goma, naongeza jambo moja. Huku mji umekaa juu ya mawe ya volkano, visima hatuna, wengi wanateka ziwani na mabidoni. Ukimwambia mtu aongeze maji ya kunywa, umwambie na maji gani. Kipindupindu hakijawahi kutuacha.

YayaMuuguzi

Asante sana dada, ningepaswa kuanza na hilo lako. Maji yaliyochemshwa mpaka yatokote kabisa, au yaliyotiwa klorini kwa kipimo na kuachwa nusu saa. Makala ni ghali, kwa hiyo klorini mara nyingi ni nafuu kuliko kuchemsha. Beba chupa yako kutoka nyumbani. Na uji, chai, supu, maji ya matunda vyote vinahesabika, mradi vimetayarishwa kwa maji salama.

Papa_Bagira

Samahani bamama kwa kuingilia. Bibi yangu amepata huu ugonjwa mara kadhaa tangu tuoane. Dada zangu wanasema ni kwa sababu anatembea nje. Mwingine ananiambia mimi ndiye nimemletea. Nyumba imeanza kuwa moto. Ukweli ni upi?

YayaMuuguzi

Papa, asante kwa kuuliza badala ya kuhukumu.

Infeksio ya kibofu si ugonjwa wa zinaa. Haithibitishi kwamba mtu anatembea nje, wala bibi yako wala wewe. Kina sista watawa wanaupata, watoto wa kike wanaupata, bibi vizee wanaupata. Lakini tendo la ndoa linasukuma bakteria waliopo kwenye ngozi kuelekea kwenye mrija, ndiyo maana wanawake wengi wanauona kwa wingi mara baada ya kuolewa. Akojoe baada ya tendo, bila kuchelewa. Ushahidi wa hilo si mzito kama ule wa maji, lakini halina gharama na halina madhara. Kama mnatumia kondomu au povu lenye dawa ya kuua mbegu, badilisheni aina: dawa hiyo inaua pia bakteria wazuri wanaomlinda mwanamke, na ni moja ya visababishi vinavyojulikana vizuri.

Tofautisha na hili: akiwa na uchafu usio wa kawaida unaotoka ukeni, wa njano au wa kijani, vidonda, au maumivu wakati wa tendo, au wewe mwenyewe ukichomwa ukikojoa au ukitoa usaha, hapo tunafikiria magonjwa ya zinaa, kama kisonono au klamidia. Mnakwenda wote wawili, mnatibiwa wote wawili, siku moja. Na akiwashwa sana, na uchafu mweupe mzito, huenda ni fangasi, dawa yake ni nyingine kabisa.

Na hao dada zako, waambie wamwache shemeji yao apone.

Papa_Bagira

Asanti sana yaya. Nitawasomesha hii.

BintiPanzi

Yaya, mimi ni mwanafunzi. Shangazi zetu wanatufundisha kujiosha ndani kwa sabuni, wengine kwa maji ya ndimu na chumvi, wengine na Dettol kidogo. Wanasema mwanamke asipofanya hivyo ndiyo anapata infeksio. Na huku kwenye homu (bweni la wanafunzi) tunachemsha majani ya avoka na ndevu za mahindi. Inasaidia?

YayaMuuguzi

Binti yangu, ndani usiguse. Naandika hivyo kwa heshima zote kwa shangazi zetu, walifundishwa hivyo nao.

Uke una walinzi wake, bakteria wanaoitwa laktobasili, wanaotengeneza asidi. Asidi hiyo ndiyo inayowazuia E. coli wasijenge makazi mlangoni pa mrija wa mkojo. Sabuni inaivuruga, Dettol inaua walinzi wote, ndimu na chumvi vinachubua. Ukishawaondoa, wanaokuja kujaza nafasi ndio wale wa utumbo. Osha nje tu, kwa maji safi, sabuni laini kidogo kama unaitaka. Ukitoka haja kubwa, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Hata wanaotumia maji, mkono utoke mbele uishie nyuma. Pedi au kitambaa cha hedhi kibadilishwe kila baada ya saa chache, na kitambaa kianikwe juani, kisifichwe chini ya kitanda kwa aibu.

Na dawa za kukausha au kubana uke zinazouzwa kwa siri sokoni, zile ziache kabisa. Nimeona vidonda vyake.

Majani ya avoka na ndevu za mahindi: kinachokusaidia hapo zaidi ni maji unayochemshia. Usitegemee vikutibu ukishaugua. Kuna tunda la nchi za baridi linaloitwa kranberi, hilo limepimwa kweli, na uchambuzi mkubwa wa mwaka 2023 uliokusanya tafiti 50 ulionyesha linapunguza hatari kwa takriban robo kwa wanawake ambao ugonjwa unawarudia. Lakini halioti Kivu, na bei ya vidonge vyake inashinda bei ya maji mbali sana. Sitamwambia mama wa Kadutu aache kununua unga ili anunue kranberi.

Labo_Ibanda

Niruhusuni niongee upande wa labo, maana kuna jambo linaniuma. Wanawake wengi wanatibiwa ugonjwa wasio nao.

Mkojo unaletwa kwenye chupa ya jusi iliyooshwa haraka haraka, umechukuliwa tangu mwanzo, umekaa kwenye joto asubuhi nzima. Tunaangalia kwenye darubini tunaona bakteria na seli nyingi za ngozi, matokeo yanaandikwa, na mtu anapewa antibiotiki. Seli nyingi za ngozi maana yake mkojo umechafuliwa na ngozi ya nje. Haimaanishi kibofu kinaumwa. Kinachohesabika zaidi ni seli nyeupe nyingi, na kwenye ile bandeleti ya kuchovya, nitriti (dalili ya bakteria) na leukositi (hizo seli nyeupe), pamoja na dalili za mgonjwa mwenyewe.

Jinsi ya kutoa mkojo mzuri: nawa mikono, osha nje kwa maji, tenganisha midomo ya uke kwa vidole, acha mkojo wa kwanza uende chooni, kinga wa katikati kwenye kikopo safi tulichokupa sisi, wa mwisho uache uende. Utufikie ndani ya saa mbili. Ukihitaji kuotesha bakteria labo ili wajulikane, ni saa 24 mpaka 48 kupata jibu, na baada yake antibiogramu inayosema dawa gani bado inamuua huyo bakteria. Ni ghali kidogo, lakini kwa yule ambaye ugonjwa unamrudia mara mbili katika miezi sita, au mara tatu kwa mwaka, ni feza iliyotumika vizuri kuliko kununua dawa kwa kubahatisha.

YayaMuuguzi

Asante docta wa labo. Hapo umegusa kitu ambacho ningekiandikia uzi mzima.

Bamama, vidonge vinne vya amoxi kutoka farmasi ya kona, viwili leo, viwili kesho, maumivu yakipungua unaacha: huko ndiko kuwafundisha bakteria. Wale dhaifu wanakufa, sugu wanabaki, na safari ijayo ndio wanaokushambulia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiondoa amoksisilini peke yake kwenye dawa linazozipendekeza kwa infeksio ya kibofu, kwa sababu E. coli wengi wameshaizoea. Siprofloksasini, ile mnayoiita sipro, imewekwa kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, na huku kwetu inauzwa kama peremende. Zipo dawa zinazofaa zaidi, kama nitrofurantoini, lakini achia anayekupima akuandikie, na umalize siku zote ulizoandikiwa hata kama maumivu yameisha siku ya pili.

Tena antibiotiki unayomeza ovyo kwa ajili ya mafua inaua wale laktobasili niliowataja kwa BintiPanzi. Mwezi huo huo unarudi na mkojo unaochoma.

MamaKijacho

Yaya, mimi nina mimba ya miezi minne. Siumwi popote. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) wameniambia nilete mkojo. Nilipe kwa nini wakati siumwi?

YayaMuuguzi

Lipa, mdogo wangu, tafadhali. Wewe ndiye mtu pekee kwenye uzi huu ambaye anapaswa kutafutiwa bakteria hata kama hana dalili yoyote.

Mimba inalegeza mirija inayotoka kwenye figo, na tumbo likikua linaibana, mkojo unatuama. Kati ya wajawazito mia, wawili mpaka kumi wana bakteria kwenye mkojo bila kujua. Wasipotibiwa, wengi wao, hata kufikia watatu katika kila kumi, wanaweza kupata infeksio ya figo, na hiyo inaleta hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo. Mwanamke asiye na mimba na asiye na dalili hatumpi dawa, hata labo ikiona bakteria. Wewe tunakupa.

Ila usinunue mwenyewe. Dawa nyingine zinazofaa kwa mwenzako hazifai kwa mwenye mimba, na nyingine zinafaa sasa lakini si karibu na kujifungua. Ukipata homa, kutetemeka au maumivu ya ubavu, usingoje asubuhi.

Mwalimu_Essence

Msisahau watoto wa kike mashuleni. Vyoo havina mlango, wanabana mpaka saa saba wakifika nyumbani. Wengine hawagusi hata maji wakati wa mapumziko.

YayaMuuguzi

Kweli mwalimu. Na mzazi anayechangia mlango wa choo cha shule amefanya kazi kubwa ya afya.

Koko_wa_Nguba

Mimi ni mama mukubwa, hedhi ilikatika zamani. Tangu hapo infeksio zinarudi, na wakati wa ujana sikuwa nazo. Ni uzee tu nivumilie?

YayaMuuguzi

Koko, usivumilie. Hedhi ikikatika, homoni ya estrojeni inashuka, ngozi ya ndani ya uke inakuwa nyembamba na kavu, na wale walinzi wanapungua. Kuna krimu au kidonge cha estrojeni kinachowekwa ukeni, na tangu mwaka 1993 utafiti umeonyesha kinapunguza sana kurudi kwa ugonjwa huu kwa wanawake wa umri wako. Mwone docta wa magonjwa ya wanawake, akupime na sukari pia, maana kisukari kinaongeza infeksio.

Msomaji_kimya

Naandika kwa mara ya kwanza. Tangu nijifungue mwaka jana mkojo unanitoka wenyewe, mchana na usiku. Nimemeza dawa za infeksio nyingi. Nimepunguza maji ili nisinuke.

YayaMuuguzi

Dada yangu, asante kwa kuthubutu. Mkojo unaovuja bila kukoma baada ya uzazi mgumu mara nyingi si infeksio. Inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na tundu halizibwi na vidonge. Linashonwa. Hapa hapa Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, ile aliyoianzisha Docta Denis Mukwege mwaka 1999, na kutibu fistula ni kazi yao ya kila siku. Hutakuwa wa kwanza kufika pale ukiwa na hali hiyo, na hakuna atakayekushangaa.

Na maji, usipunguze. Mkojo mzito unachoma ngozi zaidi, unanuka zaidi, na unaweza kutengeneza mawe kibofuni. Niandikie kwa siri hapa, nitakusindikiza mwenyewe ukitaka.

Msomaji_kimya

Nimekuandikia.

Mama_Sambaza

Yaya, narudi. Tumeongea na benzangu ba ku mustari. Tuko tayari kuchanga kidogo kidogo kila wiki, kila mutu aingie ku choo mara anataka. Mulinzi amekubali, lakini anauliza: nani ataleta maji na sabuni? Na feza tumupe kila siku ao kila wiki?

YayaMuuguzi

Mama, umenifurahisha kweli.

Mpeni kila wiki, mikononi mwa mama mmoja mnayemwamini, na aandike kwenye daftari ili asije mlinzi mwingine akawadai tena. Bidoni moja ya maji na kopo la kuchotea vikae ndani ya choo, na sabuni ifungwe kwa kamba ukutani isipotee. Maji ya kunawa si lazima yawe ya kunywa, lakini ya kunywa muyaweke kwenye bidoni nyingine yenye alama na kifuniko. Yaliyotiwa klorini.

Na zamu za meza mzipange kabla ya kuanza, zisije zikaleta ugomvi: kila jirani na jirani yake wa kulia.

Mama_Sambaza

Wa mwisho ku mustari hana jirani wa kulia. Ile ni miye.

YayaMuuguzi

Basi wewe uangaliwe na yule wa kushoto, na mlinzi wa choo mumpe daftari aione sahihi ya kila wiki.

Mama_Sambaza

Sawa. Juma tatu tunaanza.